"Wanalaiki vitanda vyangu, hawanunui": jibu kwa fundi wa Keko

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni fundi seremala, nina karakana Keko, Dar es Salaam, mwaka wa 14 sasa. Wateja wangu siku zote wamekuja kwa kuelekezana. Mwaka jana binti yangu alinifungulia ukurasa wa Instagram. Nimefika wafuasi 3,200, naposti kila siku, watu wanalaiki na wanauliza bei, nikiwajibu wanapotea. Kuna kijana anataka 300,000 kwa mwezi anisimamie ukurasa. Mwingine ananiuzia wafuasi 10,000. Wenzangu hapa wanasema ninunue kwanza simu yenye kamera kali. Nianze na lipi?"

Marahaba, fundi. Juzi usiku nilikaa na ukurasa wako mpaka chai ikapoa. Nilitazama picha sitini za karibuni, moja moja, nikazigawa mafungu mawili: zilizo zako na zisizo zako. Zisizo zako ni 23. Moja ni kochi la kijivu lililowekwa kando ya dirisha kubwa, na nje ya dirisha kunaanguka theluji. Keko tuna vumbi na tuna matope, fundi. Theluji bado.

Usione nakucheka. Mafundi wengi hufanya hivyo: anaona kitanda kizuri mtandaoni, anakibandika kwake, anaandika "tunatengeneza pia". Na huenda kweli unaweza kukitengeneza, tena vizuri kuliko cha kwenye picha. Ila anayetazama hajui. Anachojua ni kwamba kitanda hichohicho amekiona kwenye kurasa nyingine nne, kila mwenye ukurasa akidai amekitoa yeye. Wateja wako wanaanzia kupotea hapo, kabla hata hujataja bei.

Mtu anayeagiza samani kwa simu anaogopa kutapeliwa kuliko anavyoogopa bei. Yote nitakayokwambia yametoka kwenye sentensi hiyo. Jiweke kwenye nafasi yake. Anatakiwa amtumie mtu asiyemjua laki nne au laki tano, kwa kitu ambacho hakijatengenezwa, hawezi kukigusa, hawezi hata kukigonga kwa kidole asikie kinavyolia. Mimi mwenyewe nimewahi kulizwa, na kurasa hizi za biashara ndizo kazi yangu. Niliona kabati la mninga kwenye ukurasa mmoja uliopambwa vizuri, nikatuma advansi. Baada ya wiki saba na simu nyingi zisizopokelewa, likashushwa getini kabati la mbao laini lililopakwa rangi ya mninga, mlango mmoja umepinda. Yule muuzaji sikurudi kwake, hilo halina ajabu. Ajabu ni kwamba kwa mwaka mzima sikuagiza kitu cha mbao kwa mtu yeyote wa mtandaoni, hata wale ambao hawakunikosea lolote. Wengi wa wanaokuuliza bei na kutoweka wana kidonda kama changu, au ndugu yao anacho. Deni la tapeli unalilipa wewe.

Basi futa picha zote zisizo zako. Leo, kabla hujafanya lingine. Mteja akikuletea picha aliyoitoa mtandaoni na kusema nataka kama hiki, tengeneza, halafu weka picha mbili pamoja: aliyoleta yeye na uliyotoa wewe. Hiyo ni halali, na inakusifu bila wewe kujisifu.

Katika zile 37 zilizobaki kuna moja iliyonifanya nisimame. Ni kichwa cha kitanda kikiwa bado hakijapigwa vanishi, kimelala juu ya benchi, kijana wako anapiga randa, maranda yamemfika miguuni. Ina laiki 11. Ile ya theluji ina 240. Najua ukitazama namba hizo utasema watu wanataka theluji. Lakini nilipofungua maoni, chini ya theluji watu wameandika "wow" na kuchora mioyo. Chini ya kijana wa randa mtu mmoja ameuliza: "Hii ni mninga au mkongo? Mpo Keko sehemu gani?" Huyo ndiye mteja, fundi, na hukumjibu. Maoni hayo yana miezi mitatu sasa.

Ukurasa ujae picha za namna ile. Hapo karakana una vitu ambavyo mwenye duka la kupanga samani hana, navyo ndivyo vinavyomtoa mtu hofu. Onyesha mbao zikiwa zimepangwa zinakauka, zimetenganishwa kwa vipande ili hewa ipite kati, ueleze kwa sauti yako kwamba mbao mbichi ikitengenezewa kitanda itapinda na kupasuka ikishakaukia chumbani kwa mtu. Onyesha ulimi wa ubao unavyoingia kwenye tundu lake na gundi inavyopakwa, badala ya misumari miwili iliyofichwa kwa vumbi la mbao na vanishi. Zihesabu chaga mbele ya kamera. Kwenye makochi una silaha nzito zaidi: kochi likishavishwa kitambaa hakuna mteja anayeweza kuona ndani kuna mbao gani, na hapo ndipo wengi wanapoibiwa. Wewe lipige picha likiwa mifupa mitupu, halafu siku ya pili likiwa na sponji, siku ya tatu likiwa limevaa. Mtu aliyeona mifupa hakuulizi tena kama ni imara.

Huhitaji kucheza wala kuimba. Video ya sekunde 20 yenye sauti ya randa inatosha, na sauti hiyo usiifunike kwa muziki. Anza na mkono unaofanya kazi. Dakika ya kusalimia na kujitambulisha humfukuza mtazamaji, maana kidole chake kiko tayari kusukuma juu. Video hiyohiyo iweke na TikTok, ambako mtu asiyekufuata kabisa anaweza kuikuta. Watu wanapenda mno kutazama kitu kikitengenezwa, hata asiye na mpango wa kununua. Usiposti kila siku. Posti tatu za kazi halisi kwa wiki zinatosha, na kitanda kimoja kinaweza kukupa posti tano tangu ubao hadi chumbani kwa mwenyewe.

Kuhusu mwanga, sina mengi. Kitoe kitanda kivutwe mpaka mlangoni asubuhi au alasiri, jua lisikipige moja kwa moja. Usiwashe mwanga wa simu kwenye kitu chenye vanishi, utapata doa jeupe katikati ya kazi yako ya wiki mbili. Mwombe mtu asimame karibu ili ukubwa uonekane. Basi.

Sasa bei, maana hili ndilo lililokufanya uniandikie. Umenitumia picha ya skrini ya mazungumzo yako na mteja mmoja ukitaka nione jinsi watu walivyo wagumu. Tuyasome pamoja. Yeye, saa 3:12 usiku: "Habari, naomba kujua bei ya hiki kitanda." Wewe, kesho yake saa sita na nusu mchana: "950." Yeye: "Mbao gani?" Wewe: "Mninga." Yeye: "Sawa asante."

Kwa Kiswahili chetu, "sawa asante" ni kwaheri. Na mimi ningeaga hapohapo. Alikusalimu, hukuitikia. Alisubiri saa kumi na tano. Akapewa tarakimu tatu ambazo hata hazikusema ni za kitanda cha ukubwa gani, zina godoro au hazina, kinafika lini, kinafikaje. Kila swali alilobaki nalo lilimtaka aulize tena na asubiri tena. Mtu aliyekuja dukani kwako ungemjibu hivyo, huku umempa mgongo? Usingeweza, mama yako hakukulea hivyo. Simu ndiyo inayotusahaulisha kwamba upande wa pili kuna mtu amesimama.

Jibu lako liwe na umbo hili, ubadilishe namba kadiri ya kazi: "Habari za jioni, karibu sana. Kitanda hiki ni mninga mkavu, futi 6 kwa 6, bei 950,000 pamoja na chaga na vanishi. Cha futi 5 kwa 6 ni 820,000. Godoro halimo. Kinachukua siku 14 tangu advansi ya nusu. Upo maeneo gani nikupigie hesabu ya kirikuu?" Halafu mtumie video ya kitanda kama hicho kilichopo karakana siku hiyo. Hilo swali la mwisho usiliache. Ni rahisi kujibu, na mtu akishakutajia kwamba yupo Kimara au Mbagala, mazungumzo yameshakuwa ya biashara. Akinyamaza, mwandikie mara moja baada ya siku mbili tatu, kwa upole, umwonyeshe kilichomalizika juma hilo. Mara ya pili usimfuate.

Halafu hili la kuandika "bei njoo inboksi" chini ya kila picha. Najua sababu zenu, nimezisikia miaka mingi: washindani wataona, kila kazi ina bei yake, mteja akija inboksi namshawishi. Mshindani wako yupo mlango wa tatu kutoka kwako na bei zako anazijua kuliko mkeo. Kuhusu kazi kutofautiana, ndiyo maana kuna neno "kuanzia". Andika "vitanda vya mninga futi 6 kwa 6 kuanzia 950,000" na utashangaa: maswali yatapungua, wanunuzi wataongezeka. Watakaopungua ni wale wenye laki tatu mfukoni, ambao mlikuwa mnapotezeana muda. Mteja wa Kitanzania akikuta bei imefichwa hudhani inapangwa kwa kumtazama usoni, na mara nyingi hakosei.

Jambo la tatu ni jina na maneno ya juu. Bio ya Instagram ina nafasi ya herufi 150 tu, nawe umezitumia kuandika: "Mungu kwanza. Samani za kila aina. Bei nafuu. Njoo inboksi." Mungu hatakasirika ukimhamishia moyoni ukaacha nafasi kwa anwani. "Samani za kila aina" ndiyo inayonisumbua zaidi. Katika zile picha 37 za kwako, 21 ni vitanda. Wewe ni fundi wa vitanda, fundi, na bora ujulikane hivyo. Mtu hamtafuti "fundi wa kila aina"; anatafuta kitanda, kwa sababu anaoa mwezi wa kumi na mbili au mtoto amepata chumba chake. Akishalala vizuri atarudi kuuliza kabati, na kochi, na meza ya chakula. Kwa hiyo pale juu paandikwe hivi: "Vitanda vya mbao ngumu, makabati na makochi. Karakana Keko, Dar. Oda siku 14, tunafikisha. Jumatatu–Jumamosi saa 2–11." Na ile sehemu ya jina, lile linalokolea wino juu ya bio, usiweke jina lako la utani. Weka "Fundi Vitanda Keko", kwa kuwa mtu akitafuta ndani ya Instagram, utafutaji hupitia jina la kuingilia na jina hilo. Juu kabisa ya picha zako bandika tatu zisizoshuka, Instagram inaruhusu: moja ya karakana yenye wewe mwenyewe umesimama mlangoni, ya pili video ya kutengeneza, ya tatu kitanda kilichomalizika chenye bei. Uso wako uonekane. Tapeli hapendi kuonyesha uso wala mlango.

Na hapo nigusie jambo dogo ambalo sijaona fundi hata mmoja akilifikiria. Mteja anapotuma advansi, simu humwonyesha jina la anayepokea kabla hajathibitisha. Kama ukurasa unasema jambo moja na jina linalotokea ni la shemeji yako, kidole chake kitasita hapo, baada ya kazi yote uliyofanya. Chukua Lipa Namba ya biashara, jina lifanane na la ukurasa, au kama unapokea kwa namba yako, jina lako kamili liandikwe kwenye ukurasa na kwenye risiti. Risiti ipige picha, umtumie dakika ileile, ikiwa na tarehe ya kukabidhi. Baada ya hapo mtumie picha ya hatua ya kazi bila yeye kuuliza, japo mara mbili ndani ya zile siku 14. Wapo wateja wanaoishi Muscat au London wanaojenga nyumbani, nao huagiza samani wakiwa hukohuko. Hao huwezi kuwapata bila hili. Wapigie simu ya video, tembea nayo karakana, wageuzie kitanda waone chini. Akitaka kumtuma dada yake aje kukagua kabla ya kulipa salio, mpokee kwa soda.

Mazungumzo yote yapeleke WhatsApp, lakini si WhatsApp hiyo unayotumia kutumiana salamu za Ijumaa. Pakua WhatsApp Business, ipo tangu 2018 na ni ya bure. Iwekee laini yake. Ndani yake kuna katalogi ya kupanga vitanda vyako na bei, kuna majibu ya haraka ambayo ukiandika mkwaju (/) na neno moja linatoka jibu zima nililokuandikia hapo juu, na kuna ujumbe wa kujibu wenyewe usiku ukiwa umelala: "Karibu, tumefunga, tutakujibu saa 2 asubuhi." Yule wa saa 3:12 usiku angepata huo, angesubiri. Kuna pia lebo za rangi. Tumia tatu tu, aliyeuliza, aliyelipa advansi, aliyekabidhiwa. Ukizidisha utaziacha, nimeona.

Wateja uliokwisha kuwakabidhi ndio mali. Siku unaposhusha kitanda, ukiwa bado unafunga skurubu za mwisho, mwombe aisevu namba yako. Si adabu tu: orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, huchukua watu 256, na ujumbe wake humfikia aliyesevu namba yako peke yake. Asiyeisevu hapati kitu. Hapohapo mwombe ruhusa ya kupiga picha chumba chake na kuiposti. Omba kweli, usichukue kimyakimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, hakuna mtu anayependa kuona geti lake na namba ya nyumba kwenye simu za watu elfu tatu. Piga kitanda, acha dirisha na picha za familia ukutani.

Andika pia majina na namba zao kwenye daftari la karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021, siku ya Jumatatu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Nilikuwa na mteja wangu mwoka keki mwenye oda nne za jioni ile. Anwani zote zilikuwa ndani ya WhatsApp, namba hakuwa ameandika popote, keki zikalala kwake. Instagram ni banda la kupanga, fundi. Mwenye banda akifunga mlango, ubaki na daftari lako mkononi.

Nije kwa wale vijana wawili. Anayeuza wafuasi 10,000 mwambie asante. Mwaka 2016, nikiwa bado najifunza, nilimnunulia mteja wangu wa vitenge wafuasi 5,000 ili aonekane mkubwa. Siku mbili ukurasa ulikuwa na watu wenye majina ya Kireno na Kirusi, wengi bila picha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza doti shilingi ngapi. Mbaya zaidi, wateja wake wa kweli waliona. Wafuasi elfu nane na laiki sita: kila mtu anajua maana yake. Tuliwafuta mmoja mmoja kwa wiki mbili, na ile aibu ninayo mpaka leo. Wewe una karakana moja na vijana watatu. Unaweza kutoa vitanda vingapi kwa mwezi, nane? Basi unahitaji watu nane kwa mwezi. Hao hawauzwi kwa jumla.

Wa 300,000 ni tofauti, huenda ni kijana mwaminifu. Tatizo ni kwamba kitu cha thamani kwenye ukurasa wako hutokea saa ambayo yeye hayupo: ulimi unapoingia tunduni, mbao inapofunguka na kuonyesha mistari yake. Atakuja mara moja kwa wiki, atapiga picha za vilivyomalizika, siku nyingine atajaza kwa picha za theluji. Ningekuwa wewe ningemlipa kwa siku mbili tu: akupangie ukurasa, akufungulie WhatsApp Business, akuweke kwenye ramani ya Google, na amfundishe binti yako au yule kijana wa randa kukata video. Huo usajili wa Google usiupuuze, ni bure. Mtu akiandika "fundi vitanda Keko" kwenye simu yake anataka kuona alama ya mahali, saa za kazi na maoni ya waliotangulia, na Google mara nyingi huthibitisha kwa kukutaka urekodi video ya eneo lenyewe la kazi. Kila unayemkabidhi, mwombe aandike mistari miwili pale.

Lakini yeyote utakayemwita, akaunti ibaki kwenye namba yako na barua pepe yako. Nimeshuhudia mwenye saluni akigombana na msimamizi wake kwa ajili ya 80,000, kijana akabadilisha nywila, akaondoka na ukurasa wa miaka mitano. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye Instagram na PIN kwenye WhatsApp. Tarakimu sita zikiingia kwenye simu yako usimpe mtu, hata akijiita wa Meta, wenye Instagram na WhatsApp, hata akitumia namba ya rafiki yako. Na ujumbe unaosema ukurasa wako utafutwa ndani ya saa 24 kwa kuvunja haki za picha, bonyeza hapa: usibonyeze. Ni wezi.

Matangazo ya kulipia yasubiri. Kubusti ukurasa uliojaa picha zisizo zako ni kuwaita wageni kwenye nyumba isiyofagiliwa. Baada ya miezi miwili mitatu tazama ni posti ipi ya kweli imeleta maswali mengi yenyewe, hiyo ndiyo uiongezee nguvu kwa pesa kidogo, ikomee Dar es Salaam na Pwani, na kitufe chake kimpeleke mtu WhatsApp moja kwa moja. Hesabu oda, usihesabu laiki. Kila anayeingia muulize ametuona wapi, uandike pembeni ya jina lake daftarini. Mwisho wa mwezi utajua pesa ilikwenda wapi kuliko mimi.

Limebaki la simu. Uliyo nayo inatosha. Nilizikuza zile picha ulizonitumia nikaona zote zina ukungu mweupe upande wa kushoto, ile ya kitanda na ile ya kabati vilevile. Kamera haina kosa. Ni vumbi la mbao limekaa kwenye kioo chake. Chukua kitambaa laini, si hicho cha msasa, ufute, kisha upige tena kile kitanda cha futi 5 kwa 6 kilichopo mlangoni. Na yule aliyeuliza mninga au mkongo, mjibu leo, hata kama ni miezi mitatu.